Mvua ya Kwanza Si Mvua ya Kupandia

Wasomaji wauliza: bustani ya nyumbani

Barua nyingi safari hii zinalalamikia masika: yanatangulia, yanakatika, yanarudi kwa mafuriko. Tumechagua saba. Moja imetoka mbali na Ikweta, lakini shida yake ni ndugu wa shida zenu.

Jua limeunguza kila nilichopanda

*Shikamooni wataalamu. Mvua ilinyesha siku tatu mwanzoni mwa Machi, nikamwaga mchicha, nikapanda bamia na kuhamisha miche ya nyanya kwa siku moja. Ikafuata wiki mbili za jua. Bamia zimeota chache, mchicha sikuuona hata mmoja, nyanya zimekauka. Mwakani nisubiri tarehe gani?* (Msomaji, Kibaha)

Marahaba. Tarehe haitakusaidia, maana masika hayana siku ya kuripoti kazini. Ukanda wa mvua hufuata jua linaporudi kaskazini, na njiani husitasita: unafika, unarudi nyuma, unafika tena. Kukitokea kimbunga huko kusini, upande wa Msumbiji na Madagaska, kinaweza kuvuta unyevu na kuiachia Pwani jua kali kwa siku nyingi. Mvua za mwanzo wa Machi mara nyingi ni za kutuliza vumbi tu.

Pima maji yaliyoingia ardhini. Weka kopo lenye kuta zilizonyooka mahali pa wazi, mbali na mti na paa, na kila asubuhi pima kina cha maji kwa rula kisha uyamwage. Milimita 1 ni lita 1 kwa kila mita mraba. Jua la Machi huko kwenu hula takriban milimita 5 kwa siku, kwa hiyo mvua ya milimita 10 keshokutwa imekwisha. Ukipata milimita 25 hadi 30 ndani ya siku tatu au nne, chukua jembe uchimbe sentimita 20. Kamata udongo wa chini kabisa, uufinye kiganjani. Udongo wa kichanga haufinyangiki vizuri, lakini ukiacha kiganja kibichi na donge likashika kidogo kabla ya kumomonyoka, panda. Chini pakiwa pakavu, ngoja, hata kama juu pana matope. Utabiri wa siku 10 wa Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) nao usikilize, lakini hauwezi kukuambia kilichomo ndani ya tuta lako.

Mimea yako imekufa kwa sababu tofauti. Mbegu ya mchicha hukaa nusu sentimita tu chini ya uso, na tabaka hilo hukauka kabla ya adhuhuri. Zinazobaki hubebwa na sisimizi. Bamia hufukiwa sentimita 2 hadi 3, ndiyo maana chache zimepona. Nyanya zilitoka kitaluni na mizizi iliyokatika, zikakutana na jua kabla hazijashika.

Safari ijayo gawanya mbegu za mchicha mafungu matatu, upande kila baada ya siku 10. Mvua ikikudanganya, umepoteza theluthi. Changanya mbegu sehemu 1 na mchanga mkavu sehemu 10, nyunyiza kwenye vifereji vilivyoachana sentimita 20, fukia kidogo sana, kisha tandaza nyasi kavu. Nyasi zitolewe jioni, mara tu uonapo vijimche, kwa kawaida siku ya tatu hadi ya tano. Ukichelewa siku mbili utapata miche mirefu, myembamba na ya manjano, na hiyo haisimami tena.

Mvua ikikatika, tuta linataka lita 5 kwa mita mraba kila siku. Yaani ndoo moja ya lita 20 kwa tuta la mita 1 kwa mita 4. Hapa ndipo wengi wanapokosea hesabu: wanalima eneo lote walilo nalo wakati mvua inanyesha, halafu mvua ikikatika hawana mikono wala maji. Kama nyumba yenu inaweza kutoa ndoo tatu asubuhi, bustani yenu ni matuta matatu.

Na kuhusu nyanya: kwa Pwani tungekushauri usizipande masika kabisa. Aprili majani hayakauki, bakajani (ugonjwa unaounguza majani) hushambulia, maua hupukutika. Sia mbegu kitaluni mwishoni mwa Aprili, hamisha mwishoni mwa Mei miche ikiwa na majani manne au matano na urefu wa sentimita 12 hadi 15. Itakua kwenye ubaridi wa Juni na Julai. Masika yaachie mchicha, matembele, kunde, bamia na majani ya maboga.

Nyanya zangu zimenyauka zikiwa bado kijani

*Nipo Goba, Dar es Salaam. Nilipuuza maneno ya watu nikapanda nyanya masika. Zilikuwa nzuri hadi mvua kubwa, kisha zikalegea ndani ya siku mbili, majani yakiwa bado kijani. Udongo wangu ni mfinyanzi, maji hutuama. Nimeambiwa nimwage mchanga.*

Kwanza ujue ni kipi kati ya viwili: zimezama au zimeugua. Kata kipande cha shina cha sentimita 8 karibu na ardhi, kining'inize ndani ya glasi ya maji safi bila kutikisa. Ndani ya dakika chache nyuzi nyeupe kama maziwa zikishuka kutoka kwenye mkato, huo ni mnyauko bakteria. Hauna dawa ya kunyunyizia, na anayekuuzia anakuuzia maji. Ng'oa mche na udongo uliouzunguka, peleka mbali, usiutie kwenye mboji. Osha jembe kabla ya kugusa tuta jingine, maana bakteria husafiri kwa udongo na kwa maji yanayotiririka. Hapo usipande nyanya, bilinganya, nyanya chungu, pilipili, mnavu wala viazi mviringo kwa miaka mitatu au zaidi. Mahindi, mchicha, kunde na matembele hazina neno.

Glasi ikibaki safi, fukua mizizi. Ya kahawia, laini, yenye harufu ya kuoza, ni mizizi iliyokosa hewa. Mmea uliozama hunyauka sawasawa na uliokosa maji kwa sababu mizizi iliyokufa hainywi, na mwenye bustani akiona umelegea huuongezea maji. Miche ya masika mingi huzikwa hivyo.

Mchanga usimwage. Mchanga kidogo ndani ya mfinyanzi hutoa kitu kama tofali, na wa kutosha kubadilisha udongo ungekuwa malori. Kinachofungua mfinyanzi ni mboji na samadi iliyooza: ndoo moja ya lita 20 kwa kila mita mraba, ichanganywe kwenye sentimita 20 za juu, na irudiwe kila msimu. Samadi iliyooza haina joto ukiingiza mkono, hainuki, na huwezi kutambua nyasi alizokula ng'ombe. Ile ya kuku mbichi huunguza mizizi. Iache ioze miezi mitatu kwanza.

Inua matuta: upana mita 1 ili ufikie katikati kutoka pande zote, kimo sentimita 30, na kati yake mifereji inayoelekea mahali maji yanapoweza kutoka kweli. Mfereji usio na mwisho ni bwawa refu. Usilime wala kukanyaga tuta likiwa bichi. Finya udongo: ukitoka kama unga wa chapati uliokandwa, rudi ndani. Udongo wa namna hiyo ukilimwa hukauka kuwa mabonge ambayo jembe litayakumbuka hadi vuli.

Ukishindwa na ardhi, panda ndani ya ndoo za lita 20, mche mmoja wa nyanya kila ndoo. Toboa matundu 8 hadi 10 yenye upana wa sentimita 1 kwenye kitako, uinue juu ya matofali mawili. Usiweke kokoto chini. Watu hudhani zinasaidia maji kutoka, kumbe maji husimama kwenye udongo ulio juu ya kokoto na mizizi inapata nafasi ndogo zaidi.

Miche ya sukuma inaanguka kitaluni

*Hamjambo. Miche yangu ya sukuma wiki inaota vizuri, lakini ikifika siku ya nane inakonda shingo pale chini na kulala. Inaanza sehemu moja inasambaa kama duara. Huku ni baridi na ukungu Aprili yote. Nimetumia mbegu ya dukani.* (Molo, Kenya)

Hatujambo. Mbegu haina kosa. Huo ni kinyausi, vimelea vya udongoni vinavyopenda ubaridi, unyevu na msongamano. Mmetimiza yote matatu, ukungu ukiwa umeleta mawili na mkono uliomwaga mbegu ukaongeza la tatu.

Walioanguka watoe pamoja na udongo wa sentimita 5 pembeni. Acha kumwagilia siku mbili, ondoa kivuli mchana, nyunyiza mchanga mkavu mwembamba kati ya mistari. Waliobaki wima wanaweza kupona, ila usitegemee sana.

Kitalu kipya kianze kwa udongo mpya: udongo wa juu debe 3, mboji iliyochekechwa debe 2, mchanga debe 1. Mimina maji yanayochemka hadi wote ulowe, funika kwa gunia, uache upoe hadi kesho. Weka kwenye trei au beseni lililotobolewa. Chora mistari iliyoachana sentimita 10, mbegu moja kila sentimita 2, kina sentimita 1. Kazi ya kuhesabu mbegu inachosha, lakini ndiyo dawa yenyewe. Mwagilia asubuhi tu, na udongo uwe mkavu juu ikifika jioni. Juu tengeneza paa la nailoni angavu kwenye fito zilizopindwa, kimo sentimita 60, pande zote mbili wazi. Ukizifunga umetengeneza tanuri la ukungu.

Miche ikae kitaluni wiki nne hadi sita. Siku 7 za mwisho punguza maji na uondoe paa mchana ili ikomae. Hamisha jioni au siku ya mawingu, sentimita 45 kila upande. Wiki tatu baadaye, majani ya chini yakianza kuwa manjano wakati mvua inapiga, mara nyingi ni naitrojeni imeoshwa: kijiko kimoja cha chai cha CAN, mbolea ya dukani yenye naitrojeni, kwa kila mche, sentimita 10 kutoka shinani, udongo ukiwa na unyevu lakini anga limetulia. Ukiweka saa moja kabla ya dhoruba umewalimia walio bondeni.

Matunda kwenye kiwanja kidogo

*Nina nafasi ya mita 10 kwa 12 nyuma ya nyumba, Morogoro mjini. Nataka mwembe, mipapai, ndimu na pasheni. Je, masika ndiyo wakati wake? Na mipapai yangu ya zamani ilikuwa yote madume.*

Ndiyo wakati wake, kwa sharti kwamba mashimo yawe tayari kabla. Chimba sentimita 60 kila upande na kwenda chini. Udongo wa juu, ule mweusi, rundo lake. Wa chini, rundo lake. Changanya ule wa juu na ndoo mbili za samadi iliyooza, rudishia shimoni, na wa chini uumalizie juu. Acha mvua ilishindilie wiki mbili hadi nne. Anayechimba na kupanda siku hiyohiyo huona mche ukididimia mwezi unaofuata na kubaki katikati ya kidimbwi.

Mwembe mmoja tu, uliobebeshwa, yaani tawi la aina bora lililounganishwa juu ya shina la mwembe wa kienyeji. Uwe mita 5 kutoka ukutani na mbali na shimo la choo, na upogolewe kila baada ya mavuno usizidi mita 4. Kovu la kubebeshea libaki sentimita 15 au zaidi juu ya ardhi, na kila chipukizi linalotoka chini ya kovu livunjwe: hilo ni la mwembe wa kienyeji uliobeba, na litaumeza ule ulioulipia. Nailoni iliyofungwa kwenye kovu ikatwe, isije ikakaba shina. Ukitoa kiriba, tazama kitako. Mizizi iliyojizungusha kama kamba ikate kwa kisu kikali, la sivyo itaendelea kuzunguka hata ndani ya shimo kubwa. Ndimu hutendewa vivyo hivyo, na nafasi yake ni mita 4.

Mpapai hauvumilii maji yaliyotuama, siku mbili zinatosha kuua mizizi. Kwa hiyo uupande juu ya kichuguu cha sentimita 40, si ndani ya kisahani. Kuhusu madume: mbegu ulizotoa kwenye tunda lolote hazitakuambia jinsia zake hadi maua, miezi minne hadi sita. Weka miche mitatu kila shimo, iachane sentimita 30, ungoje. Dume hutoa maua madogo mengi yanayoning'inia kwenye vikonyo virefu. Jike hutoa ua nene la mviringo lililobana shinani. Lenye jinsia zote mbili ni jembamba na refu kidogo, na tunda lake huwa refu. Bakiza mmoja kila shimo, jike au wa jinsia mbili. Ukiwa na majike matupu, acha dume mmoja kwenye kona. Njia fupi ni kununua mbegu za aina ya jinsia mbili. Kizazi chake hutoa wa jinsia mbili na majike, madume hayatokei.

Pasheni panda ya njano, kwa kuwa ya zambarau ni ya nyanda za juu. Ya njano haijichavushi: unahitaji mashina mawili yaliyotoka kwenye mbegu tofauti. Wachavushaji ni wale nyuki wakubwa weusi wanaotoboa mbao, basi usiwafukuze kwenye boriti za banda. Wasipoonekana, fanya mwenyewe kuanzia saa saba mchana, maua yakiwa yamefunguka: sugua chavua ya ua la shina moja kwenye ua la shina la pili kwa kidole.

Matandazo yaache duara tupu la sentimita 15 kuzunguka kila shina. Mchwa wa Morogoro hawahitaji daraja. Mvua zikiisha, kila mche upate lita 10 mara mbili kwa wiki hadi vuli, katika mwaka wa kwanza.

Kitako cheusi

*Nyanya zinakuwa na doa jeusi lililobonyea chini. Nimepiga dawa ya ukungu mara tatu.* (Moshi)

Acha dawa, si ukungu. Tunda limekosa kalisi (madini ya kalsiamu), na kwa kawaida udongo unayo ila maji hayaji kwa utaratibu: siku tano jua, siku moja gharika. Kalisi husafiri na maji tu. Tandaza nyasi kavu unene wa sentimita 7, mwagilia kidogo kila siku mvua inapokatika, punguza urea kwa sababu majani mengi hunyang'anya tunda maji. Chuma zilizoharibika. Maganda ya mayai hayatasaidia msimu huu, huoza polepole mno.

Theluji baada ya joto

*Salamu kutoka Minneapolis, Marekani. Mwaka jana Aprili kulikuwa na joto kama la kwetu, nikapanda mchicha, bamia na nyanya nje. Wiki iliyofuata ikaanguka theluji. Nifanyeje majira haya ya kuchipua?*

Joto la Aprili huko ni sawa na mvua ya mwanzo wa Machi Kibaha. Hewa hupata joto kwa siku moja, udongo huchukua wiki. Chomeka kipimajoto cha jikoni sentimita 10 ardhini asubuhi, siku tano mfululizo. Udongo ukifika nyuzi 8 hadi 10 za Selsiasi (46 hadi 50 za Farenhaiti), panda sukuma wiki, figili na njegere. Hizo huvumilia jalidi, yaani umande unaoganda alfajiri. Nyanya, kunde na mchicha zinataka udongo wa nyuzi 18 (65) na usiku usioshuka chini ya 10 (50). Kwenu hiyo huwa katikati ya Mei au baadaye. Bamia ingoje wiki moja zaidi.

Muda usipotee: nyanya zianze ndani dirishani wiki sita hadi nane kabla, bamia wiki tatu tu, ndani ya vikombe vya karatasi vinavyopandwa pamoja na mche, kwa kuwa mzizi wake hautaki kuguswa. Kabla ya kuhamia nje zizoeshe siku 7 hadi 10, saa moja kivulini siku ya kwanza, ukiongeza kila siku. Mche wa dirishani ukitolewa ghafla huungua jua na upepo hata bila baridi.

Usiku wa hatari ni ule wa anga safi na upepo uliotulia. Funika kwa shuka kuukuu linalofika chini kabla jua halijazama, ili lishike joto la ardhi, uliondoe asubuhi. Nailoni ikigusa majani huyaunguza kwa baridi. Kwa matunda, panda stroberi au mtofaa unaostahimili baridi ya huko. Mpapai ndani ya chungu utakula nafasi ya sebule miezi minane na hautakulipa.

Kisima cha chumvi

*Niko Mombasa, kisima changu kina chumvi na mboga zinaungua kingo za majani. Masika yatanisaidia?* (Msomaji, Likoni)

Yatakusaidia ukiyapa njia. Matuta yaliyoinuliwa huruhusu mvua ya Aprili na Mei iioshe chumvi kwenda chini ya mizizi. Penye kutuama, chumvi hurudi juu jua likitoka. Spinachi na mchicha huvumilia kiasi. Maharagwe, karoti, vitunguu na stroberi hazivumilii kabisa, usipoteze mbegu. Kisima kikitumika, mwagilia shinani, kamwe si juu ya majani, na jioni badala ya mchana.

Halafu kinga mvua ya paa. Bati la mita mraba 30 likipata milimita 20 hutoa lita 600, hesabu 500 baada ya upotevu, kwa hiyo pipa la lita 210 linajaa kwa mvua moja ya kawaida, na la pili pia. Maji ya dakika za kwanza yaache yaoshe vumbi na kinyesi cha ndege. Mdomo wa pipa ufungwe kwa kipande cha chandarua, mbu wasitagie humo, na bomba la kutolea liwe sentimita 10 juu ya kitako ili tope libaki chini. Maji hayo yawekee miche ya kitaluni na mbegu zinazoota. Kisima kiinyweshe mimea mikubwa.